Kabati la chuma linayumba? Namna ya kulisawazisha kwenye sakafu yenye mabonde

Ingia katika ofisi yoyote ya kijiji, stoo ya shule au chumba cha dawa cha zahanati, na uangalie chini ya kabati la chuma. Mara nyingi utakuta kipande cha boksi kilichokunjwa, kipande cha tofali, au daftari la zamani lililokandamizwa chini ya mguu mmoja. Kuna mtu aliona kabati linayumba, akaokota kilichokuwa karibu, akakisukuma chini ya mguu, na kazi ikaishia hapo.

Baada ya miezi michache boksi limelowa na kubonyea. Mlango haufungi mpaka upigwe teke. Ufunguo unazunguka lakini kitasa hakishiki. Siku moja mtoto anavuta droo ya juu ili aone kilichomo, na kabati zima linainama kumfuata.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini kabati huyumba, unavyoweza kujua kama kosa ni la sakafu au la kabati, na hatua za kulisimamisha sawa bila kuumia. Vifaa vingi vinapatikana kijijini. Maelezo haya yanafaa pia kwa kitanda cha chuma cha ghorofa, meza nzito ya chuma, na kasha la kuhifadhia fedha za kikundi.

Mafiga matatu hayayumbi

Sote tunajua jikoni kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Tunajua pia kwamba mafiga matatu hukishika chungu vizuri hata pale ambapo ardhi si sawa. Kigoda cha miguu mitatu nacho hakiyumbi popote utakapokiweka. Huenda kikainama upande, lakini miguu yote mitatu itagusa chini.

Sababu ni kwamba ncha tatu siku zote hupata uso mmoja wa kukalia. Ukiongeza ya nne, huenda ikawa juu au chini ya uso ule. Kabati lina miguu minne au pembe nne, kwa hiyo tofauti ya milimita chache tu inatosha kuinua mguu mmoja.

Kabati linapoyumba, miguu miwili iliyo mshazari, yaani ya pembe mbili zinazotazamana, ndiyo inayobeba karibu uzito wote. Ile miwili mingine hupokezana: ukibonyeza hapa, kule kunainuka. Kama kabati na vilivyomo vina kilo 200, badala ya kila mguu kubeba kilo 50, miguu miwili inabeba kilo 100 kila mmoja. Ndiyo maana miguu hiyo huzama kwenye sakafu ya udongo au kuvunja niru ya saruji, na tatizo huongezeka kila mwezi.

Karatasi ni nzito kuliko unavyodhani

Watu wengi huogopa uzito wa chuma wakasahau karatasi. Rimu moja ya karatasi za A4 za kawaida, yaani karatasi 500, ina kama kilo mbili na nusu. Droo moja ya kabati la mafaili inaweza kubeba karatasi za rimu 10. Hizo ni kilo 25. Droo nne ni kilo 100, kabla hujahesabu chuma chenyewe.

Sasa tufanye hesabu ya hatari. Tuseme kabati la droo lina uzito wa kilo 40, kina chake kutoka mbele hadi nyuma ni sentimita 60, na droo zote ni tupu isipokuwa ya juu yenye kilo 25. Uzito wa kabati unalivuta kubaki chini kwa nguvu ya 40 mara 30, yaani 1,200, kwa kuwa katikati ya kabati ni sentimita 30 kutoka ukingo wa mbele. Ukiivuta droo ya juu mpaka katikati yake iwe sentimita 25 mbele ya kabati, inavuta kwa nguvu ya 25 mara 25, yaani 625. Kabati bado limesimama. Lakini mtoto wa kilo 15 akining'inia kwenye ukingo wa droo hiyo, sentimita 50 mbele, anaongeza 750. Jumla ni 1,375, ambayo ni zaidi ya 1,200. Kabati linaanguka, na mtoto yuko chini yake.

Sakafu ikiinamia mbele, hali huwa mbaya zaidi. Kabati lenye kina cha sentimita 45 na urefu wa sentimita 180 likishuka sentimita moja tu upande wa mbele, kichwa chake kinasogea mbele sentimita nne. Kwa hiyo tofauti ndogo chini huwa kubwa juu.

Kwa nini sakafu haiko sawa

Ukijua sababu, utajua pia kama tatizo litarudi.

Sakafu ya udongo huliwa na nyayo na ufagio, hasa karibu na mlango. Pale watu wanapopita pana bonde, na ukutani pamebaki juu. Sakafu ya saruji nayo hutitia pale ambapo kifusi hakikushindiliwa vizuri kabla ya kumwaga zege. Kuna sakafu zilizoinamishwa kwa makusudi, kama za baraza, au za vyumba vinavyooshwa kwa maji ili maji yatoke mlangoni. Hapo fundi hakukosea. Wewe ndiye utakayelifuata umbo la sakafu yake.

Wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mbuga wanajua jambo jingine. Udongo huo huvimba mvua zikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi mpaka ardhi inapasuka. Nyumba iliyojengwa juu yake hupanda na kushuka, na sakafu pia. Kabati ulilolisawazisha wakati wa kiangazi huenda likayumba tena baada ya masika. Huko ukaguzi unahitajika angalau mara mbili kwa mwaka.

Je, kosa ni la sakafu au la kabati?

Kabla ya kuweka chochote chini ya mguu, hakikisha unajua mgonjwa ni nani. Toa vitu vyote kabatini. Weka alama ya chaki kwenye miguu inayoinuka. Kisha hamishia kabati sehemu nyingine mbili tofauti za chumba, na ulibonyeze pembeni kila mara.

Kama miguu ileile yenye chaki inainuka kila mahali, kabati ndilo lenye kosa: mguu mmoja ni mfupi, au fremu imepinda, pengine liliangushwa wakati wa kushushwa kwenye gari. Kama miguu inayoinuka inabadilika kila unapohama, kosa ni la sakafu.

Kuligeuza tu palepale, mgongo ukawa mbele, hakutoshi. Ukifanya hivyo, miguu iliyo mshazari hubadilishana nafasi tu, na kabati litayumba vilevile hata kama halina kosa.

Kwa meza ya chuma ya mraba yenye miguu iliyo sawa, kuna njia rahisi isiyohitaji kabari. Izungushe polepole hapo hapo ilipo. Kabla hujamaliza robo ya mzunguko, kwa kawaida utapata mahali ambapo miguu yote minne inagusa. Meza inaweza kuwa imeinama kidogo, lakini haitayumba.

Kupima bila pimamaji

Fundi ana pimamaji. Wewe unaweza kuwa na mojawapo ya hivi:

Chupa. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye ubavu ulionyooka. Jaza maji karibu yote, acha hewa kidogo, uifunge. Ilaze juu ya kabati. Pendulo la hewa likikaa katikati, hapo pako sawa. Likikimbilia upande mmoja, upande huo ndio ulio juu. Kisha igeuze chupa kichwa kwa mkia upime tena, kwa sababu chupa yenyewe inaweza kuwa na kosa.

Timazi. Funga nati kwenye uzi na uuning'inize kutoka ukingo wa juu wa kabati, karibu na ubavu. Pima nafasi kati ya uzi na ubavu wa kabati juu na chini. Zikilingana, kabati limesimama wima. Fanya hivyo ubavuni na pia upande wa mbele.

Simu. Simu nyingi za kupangusa zina programu ya kupimia usawa, mara nyingine ndani ya programu ya dira. Kwanza ondoa kava, kwa sababu kava huinamisha simu. Kama simu yako ni kitochi, chupa na timazi vinatosha kabisa.

Milango nayo ni kipimo. Kwa kabati la milango miwili, simama mbele yake uifunge yote miwili, kisha tazama kingo za juu. Kama mlango wa kulia uko chini kuliko wa kushoto, pembe ya mbele ya kulia ndiyo iliyozama. Ukiinua pembe hiyo polepole, utaona milango inarudi kulingana, na kitasa kitaanza kushika chenyewe. Kwa hiyo mtu anayetaka kupinda bawaba au kupiga tindo kwenye kitasa angoje kwanza. Mara nyingi bawaba na kitasa havina kosa lolote.

Nini cha kuweka chini ya mguu

Boksi na karatasi havifai. Hubonyea, hunyonya maji ya kudekia na kukaribisha mchwa. Kipande cha kigae cha sakafuni kinaweza kupasuka chini ya mguu mwembamba. Kipande cha tofali husagika.

Bati nene au vipande vya chuma bapa vinafaa sana. Fundi wa kuchomelea huwa na mabaki mengi. Pangilia vipande vyembamba mpaka upate kimo unachotaka, na kila kipande kiwe kipana kuliko mguu.

Mbao ngumu inafaa kwenye sakafu kavu ya saruji. Usiweke mbao juu ya sakafu ya udongo penye mchwa, kwa sababu itakuwa ngazi yao ya kupandia kwenye mafaili.

Kipande cha tairi kuukuu huzuia kuteleza na kelele. Kiweke chembamba na uweke unene uleule chini ya miguu yote minne, kwa kuwa raba hubonyea. Kisha malizia tofauti kwa chuma.

Boliti ndiyo njia bora kuliko zote kwa kabati lenye miguu. Mwambie fundi achomelee nati chini ya kila mguu, kisha uingize boliti kutoka chini, kichwa kikiwa sakafuni. Ukizungusha boliti, mguu hupanda au hushuka. Boliti ya milimita 12 ya kawaida hupandisha milimita 1.75 kwa kila mzunguko mmoja, na ile ya milimita 10 hupandisha milimita 1.5. Ongeza nati ya pili ya kukazia ili boliti isijifungue. Sakafu ikibadilika baada ya masika, unachohitaji ni spana tu. Kabati litolewe vitu na libebwe nje kabla ya kuchomelewa, kwa sababu cheche na karatasi havikai pamoja.

Kwenye sakafu ya udongo, jambo la kwanza si kimo bali ni upana. Mguu wa bomba au wa pembe hukata udongo kama kisu. Weka bapa la chuma la sentimita 10 kwa 10, au zaidi, chini ya kila mguu. Shindilia udongo hapo kwanza, ukiwa na unyevu kidogo, na uache ukauke kabla ya kurudisha kabati.

Hatua kwa hatua

Moja: toa vitu vyote, ukianzia juu kwenda chini. Fungua droo moja kwa wakati. Kama droo zinachomoka, zichomoe.

Mbili: pata mtu wa pili. Watoto watoke chumbani.

Tatu: fagia pale miguu itakapokaa. Kokoto moja chini ya mguu inaweza kukupotezea saa nzima.

Nne: weka kabati mahali pake, kisha tafuta pembe iliyo juu kuliko zote. Pembe hiyo hutaigusa. Nyingine tatu ndizo utakazoinua kuifikia. Kwa njia hii hutapandisha kabati bila sababu.

Tano: inua pembe kwa mtaimbo. Weka gogo dogo la egemeo karibu na kabati. Kama mtaimbo una sentimita 150 na egemeo liko sentimita 10 kutoka ncha, nguvu yako inaongezeka mara 14. Pembe yenye uzito wa kilo 70 itainuka kwa nguvu kama ya kubonyeza kilo tano. Kwenye udongo, weka ubao chini ya egemeo ili lisizame.

Sita: mwenzako asukume kabari kwa kijiti, si kwa vidole. Mtaimbo ukiteleza, kijiti ndicho kitakachovunjika. Wewe unayebonyeza mtaimbo simama pembeni, usiweke kifua juu yake.

Saba: anza na usawa wa kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Halafu bonyeza kila pembe ya juu. Ikiwa hakuna sauti wala mtikisiko, pima milango.

Nane: kwa kabati la mafaili, ni afadhali lilalie nyuma kidogo sana kuliko kuinamia mbele. Milimita chache tu zinatosha. Ukizidisha, milango itaanza kujifunga yenyewe.

Tisa: rudisha vitu ukianzia chini. Vizito vikae chini, vyepesi juu. Baada ya kujaza, pima tena, kwa sababu uzito huikalisha miguu. Rudia kupima baada ya wiki moja.

Lifunge ukutani

Hata kabati lililosimama sawa linaweza kuangushwa na mtoto anayepanda droo kama ngazi. Kulifunga ukutani ni muhimu kuliko yote tuliyosema.

Kwenye ukuta wa tofali za saruji au za kuchoma, toboa, weka plagi, kisha funga kipande cha chuma cha pembe kutoka sehemu ya juu ya kabati hadi ukutani. Hakikisha hakuna waya wa umeme unaopita hapo. Kwenye ukuta wa fito na udongo, skrubu haitashika. Funga kabati kwa waya mnene au mkanda wa chuma kwenye nguzo ya ukuta, kwenye sehemu mbili. Kama una makabati mawili, yasimamishe yakigusana ubavu kwa ubavu na uyaunganishe kwa boliti. Upana ukiongezeka, hayatayumba kwenda pembeni. Hata hivyo yanaweza kuangukia mbele, kwa hiyo ukuta bado unahitajika.

Makabati mengi ya mafaili yana kizuizi kinachokataa droo mbili zifunguke kwa pamoja. Kikiharibika, watu hufurahi kwamba droo sasa zinafunguka zote. Wasifurahi. Kizuizi hicho kiliwekwa ili kabati lisianguke. Mwite fundi akirudishe, au weka sheria ya ofisi: droo moja ifungwe kabla ya nyingine kufunguliwa.

Vitu vingine vinavyohitaji usawa

Friji ya mafuta ya taa au ya gesi inahitaji kukaa sawa kabisa. Friji ya aina hiyo haina mashine ya kusukuma. Kimiminika ndani ya mabomba yake hurudi chini kwa uzito wake chenyewe. Ikiinama, mzunguko huo hukwama na ubaridi hupotea, ingawa moto unawaka. Kabla ya kuita fundi, pima kwanza usawa.

Kitanda cha chuma cha ghorofa nacho kikiyumba, boliti zake hulegea kila anayelala juu anapojigeuza. Sawazisha miguu kwanza, halafu ndipo ukaze boliti. Ukikaza kitanda kikiwa kimepinda, utakuwa umekifunga na kosa lake.

Leo, kabla ofisi haijafungwa

Huhitaji kungoja fundi ili uanze. Leo hii shika pembe ya juu ya kabati lako uitikise taratibu. Tazama kingo za juu za milango. Inama uangalie chini ya miguu. Ukiona boksi lililooza, hamishia vitu vizito droo za chini leo hii, na waambie watoto wasikaribie mpaka kazi ifanyike. Hivyo viwili havigharimu hata shilingi moja.

Kisha panga siku ya kazi: watu wawili, mtaimbo, gogo, vipande vya chuma na chupa ya maji. Kwa kabati moja, asubuhi moja inatosha. Hifadhi makala haya kwenye simu yako, au msomee mwenzako asiye na simu ya kupangusa, ili siku hiyo muwe na hatua zote mkononi.